Dagaa, Migebuka na Friza: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Hesabu za Bidhaa Zinazooza na Teknolojia Mpya, Kigoma

Maswali haya huulizwa na wachuuzi wa mwalo wa Kibirizi na Katonga, na wenye meza soko la Mwanga. Huulizwa pia na wanafunzi wanaotafuta mada ya utafiti iliyo karibu na nyumbani. Bei zote humu ni za mfano, zimewekwa hivyo ili hesabu iwe nyepesi. Toa zangu, weka zako.

## Mwanzo

Modeli ya hesabu ya akiba ni kitu gani?

Ni maelezo mafupi ya biashara yako kwa namba: unanunua kiasi gani, unauza kwa kasi gani, kinachobaki kinapoteza thamani kwa kasi gani, na kila kosa linakugharimu shilingi ngapi. Ukishaziandika hizo, unaweza kuuliza "nikiongeza ndoo moja itakuwaje?" bila kulazimika kuinunua kwanza ndiyo ujue.

Nimeuza samaki tangu utotoni. Hesabu itaniongezea nini?

Katika siku za kawaida, kidogo sana. Mama aliyekaa mwaloni miaka mingi hukadiria vizuri kuliko kijana mwenye kompyuta. Uzoefu hupungukiwa pale kitu kinapobadilika: umeletwa umeme, amekuja muuza barafu, jirani kanunua friza. Mazoea yako yalijengwa juu ya hali ya zamani, na ukiendelea kununua kama zamani, chombo kipya kitaonekana hakina faida. Namba zake ziko kwenye swali la friza hapa chini, na kama una muda wa kusoma swali moja tu, soma hilo.

Kwa nini nisitumie kanuni ya kawaida ya kuagiza mzigo wa duka?

Kanuni hiyo ilitolewa na Mmarekani Ford Whitman Harris mwaka 1913. Inapima gharama ya kuagiza dhidi ya gharama ya kutunza, na inachukulia kwamba kilichomo ghalani leo kitakuwa kizima mwezi ujao. Kwa misumari ni sawa. Mgebuka uliovuliwa usiku, kufikia saa nane mchana juani si bidhaa ileile tena. Kanuni hiyo haitupwi, ila lazima iongezewe kitu, kama inavyoonekana kwenye swali la shehena ya treni.

## Ninunue kiasi gani?

Nanunua alfajiri, nauza leo leo. Nichukue ndoo ngapi?

Hasara zako ni mbili. Kuna hasara ya kukosa: mteja kaja, ndoo imekwisha, faida imekwenda kwa jirani. Na kuna hasara ya kubakiza: umenunua, hakikuuzika, umekitupa au umekiuza kwa bei ya kutupa. Gawanya hasara ya kukosa kwa jumla ya zote mbili. Utapata namba kati ya 0 na 1, nasi tutaiita uwiano.

Mfano. Mama ananunua ndoo ya dagaa wabichi kwa sh 30,000 na kuiuza sh 42,000, kwa hiyo akiikosa anapoteza sh 12,000. Wakati wa kiangazi dagaa waliobaki anawaanika kwenye kichanja, na wakikauka wanamrudishia sh 24,000. Hapo hasara ya kubakiza ni sh 6,000, na uwiano ni 12 gawanya kwa 18, yaani 0.67. Wakati wa mvua jua halitoki, dagaa wanavunda kabla ya kukauka, na wafugaji wa kuku wanawachukua kwa sh 6,000. Hasara ya kubakiza inapanda hadi sh 24,000, na uwiano unashuka hadi 0.33.

Sasa fungua daftari. Tuseme katika siku 20 wateja walihitaji ndoo 3 siku mbili, ndoo 4 siku tano, ndoo 5 siku sita, ndoo 6 siku nne, na ndoo 7 siku tatu. Anza kujumlisha kutoka chini. Siku ambazo ndoo 3 zilitosha ni 0.10 ya siku zote. Ndoo 4 zilitosha 0.35, ndoo 5, 0.65, ndoo 6, 0.85. Simama pale unapoufikia au kuupita uwiano wako. Wakati wa mvua unasimama kwenye ndoo 4, kiangazi kwenye ndoo 6. Wateja ni walewale na bei ni ileile. Kilichobadilika ni jua tu.

Usizichukulie tofauti zote kwa uzito mmoja. Kiangazi, kununua 6 badala ya 5 kunaongeza wastani wa sh 300 tu kwa siku, na hilo si jambo la kugombana na mtu. Lakini kununua 6 badala ya 4 wakati wa mvua kunakula wastani wa sh 12,000 kila siku. Makosa ya kuzidisha mvua ikinyesha ndiyo yanayofilisi.

Nitajuaje wateja wanahitaji kiasi gani, wakati ninachokijua ni nilichouza?

Hili ndilo shimo wanalotumbukia wengi, hata waliosoma. Ukinunua ndoo 4 zikaisha saa tatu asubuhi, daftari linaandika "4", ilhali waliotaka huenda walikuwa 6. Mwezi ujao unasoma daftari, unaona hujawahi kuuza zaidi ya 4, unaendelea kununua 4. Daftari limekufunga kamba mwenyewe.

Dawa yake ni rahisi. Siku bidhaa ikiisha mapema, andika saa iliyoisha na idadi ya walioulizia baadaye wakakosa. Si hesabu kamili, kwani mwingine huona beseni tupu kwa mbali akapita bila kuuliza, lakini ni bora mara nyingi kuliko kuandika mauzo peke yake. Pia tenganisha siku za giza na siku za mbalamwezi, mwisho wa mwezi na katikati. Ukizichanganya unapata wastani ambao haufai kwa siku yoyote.

Nikiwa na samaki wa jana na wa leo, niuze wepi kwanza?

Kwa hesabu za ghala, wa jana watangulie. Shida ni kwamba mwenye kuchagua ni mteja, na mteja wa Kigoma hufunua shavu la samaki kabla ya kutaja bei. Ukiwaweka pamoja, wa leo wataondoka na wa jana watabaki kuwa wa juzi. Watenganishe, wa jana wapunguzie bei mapema asubuhi wakati bado wana soko.

Kwa wanafunzi: bidhaa yenye umri wa siku kadhaa huhitaji kukumbuka kiasi cha kila umri, si jumla pekee. Umri wa siku mbili unahitaji namba moja ya akiba iliyobaki jana. Umri wa siku kumi unahitaji tisa, na hesabu inavimba haraka. Steven Nahmias alikusanya kazi za fani hii katika mapitio yake ya mwaka 1982, na mpaka leo wengi hutumia makadirio badala ya jibu kamili.

## Bidhaa inayopungua kidogo kidogo

Dagaa wakavu hawaozi siku moja. Kanuni ya ndoo inawahusu?

Haiwahusu moja kwa moja. Hawa hupungua polepole: wengine wanavunjika, wengine wanaliwa na wadudu, wengine wanapata unyevu na ukungu. Mwaka 1963 Ghare na Schrader walipendekeza tuchukulie kwamba kila kipindi inapotea sehemu ileile ya kilichobaki. Ikipotea asilimia 5 kwa siku, kilo 100 hazibaki 65 baada ya siku saba, zinabaki karibu 70, kwa sababu kila siku unapoteza sehemu ya mzigo mdogo zaidi. Miaka kumi baadaye Covert na Philip waliruhusu kasi yenyewe ibadilike kadiri bidhaa inavyozeeka. Hiyo inawafaa zaidi dagaa waliokaushwa nusunusu: wiki ya kwanza hawana neno, ya tatu wameshakuwa unga.

Angalizo kwa wanaoanika: kilo zinazopotea kichanjani nyingi ni maji, si hasara. Samaki wabichi wenye maji asilimia 75, wakikaushwa mpaka yabaki asilimia 15, kilo 100 zinakuwa kama 29. Anayeita hizo kilo 71 "uharibifu" amevuruga modeli yake tangu mstari wa kwanza.

Napeleka dagaa Tabora na Dar es Salaam kwa treni. Kila safari nibebe kilo ngapi?

Hapa ndipo kanuni ya Harris inarudi ikiwa na nyongeza. Zidisha mara mbili mauzo ya wiki kwa gharama isiyobadilika ya safari. Gawanya kwa gharama ya kukaa na kilo moja wiki nzima, ukiingiza humo thamani inayoharibika. Kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu.

Tuseme unauza kilo 40 kwa wiki, safari inakula sh 60,000, kilo unainunua sh 10,000, na asilimia 3 inaharibika kila wiki, sawa na sh 300. Ghala na pesa iliyolala ni sh 100. Jibu ni kama kilo 110, mzigo wa wiki mbili na siku tano hivi. Ukipata magunia mazuri na uharibifu ukashuka hadi asilimia 1, jibu linapanda hadi kilo 155 hivi. Gharama ya kukaa na mzigo imepungua nusu, lakini mzigo haukuongezeka maradufu. Kipeuo cha pili hulainisha mambo, kwa hiyo ukikosea kidogo kukadiria hutaumia sana.

Niwahifadhi dagaa wa giza niwauze mbalamwezi?

Wavuvi wa dagaa hutegemea taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki. Ndiyo maana mavuno hupanda na kushuka kwa mzunguko wa siku 29 na nusu hivi. Kuhifadhi kunalipa pale tu bei inapopanda kwa kasi kuliko uharibifu na gharama ya pesa vikijumlishwa. Bei ikipanda asilimia 15 kwa siku kumi, uharibifu ukala 5 na riba 3, hapo umebakiwa na 7 na inafaa. Kama pesa ni ya mkopo wa riba ya mtaani, hesabu hiyo mara nyingi haipiti.

Mawese na asali je?

Mawese huharibika kwa kuchacha, tena kwa miezi, si siku. Tumia kanuni ya shehena ukiweka kasi ndogo. Asali ya Tabora iliyoiva vizuri irudishe kwa Harris wa 1913.

## Chombo kipya

Friza inalipa?

Wengi huhesabu hivi: "Siku hizi za mvua nabakiza kidogo sana, kwa hiyo friza itaniokolea kidogo sana." Hesabu ni sahihi na uamuzi si sahihi.

Turudi kwa mama wa ndoo (swali la kwanza la kununua), wakati wa mvua. Bila friza ananunua 4 na wastani wa faida yake ni sh 44,400 kwa siku. Akiweka friza, waliobaki anawauza kwa mama ntilie, na akitoa umeme anabaki na sh 27,000 kwa ndoo badala ya 6,000. Akiendelea kununua 4, faida inakuwa sh 46,500, nyongeza ya sh 2,100 tu. Kwa friza ya sh 1,500,000 atahitaji siku 714 za mvua kurudisha pesa yake. Nani atainunua?

Lakini hasara ya kubakiza sasa ni sh 3,000, na uwiano umepanda kutoka 0.33 hadi 0.80. Daftari lilelile linamwambia anunue ndoo 6. Akifanya hivyo faida inafika sh 55,500, nyongeza ya sh 11,100, na friza inajilipa kwa siku kama 135. Sehemu kubwa ya faida ya friza haitoki kwenye samaki walionusurika kuoza. Inatoka kwenye wateja ambao zamani aliwaacha waondoke kwa kuogopa kubakiza.

Kwa hiyo hesabu ya kiasi cha kununua na hesabu ya chombo ni hesabu moja. Mtaalamu anayepima "upungufu wa upotevu" peke yake atapima sh 2,100 na kuripoti kwamba teknolojia haifai. Kiangazi, nyongeza ya friza ni sh 3,300 tu kwa siku, kwa sababu jua na kichanja vinafanya kazi hiyo bure. Wa kuanza na kichanja na aanze na kichanja.

Umeme ukikatika?

Usiuchanganye na ule uharibifu wa polepole. Kukatika kwa umeme kunachukua kila kitu kwa mkupuo, na wastani huficha hilo. Katika mfano wetu, walioharibika wakienda kwa wafugaji wa kuku kwa sh 6,000 zilezile, na uwezekano wa kuharibikiwa ukiwa usiku mmoja kati ya kumi, uwiano unashuka hadi 0.70, bado ndoo 6. Ukiwa mmoja kati ya mbili, unashuka hadi 0.47 na unarudi kwenye ndoo 5. Friza bado ina kazi, ila imani yako kwake iwe na kipimo. Kigoma iliishi kwa majenereta ya dizeli miaka mingi, na wazee wa soko waliopitia enzi hiyo hawahitaji kuelezwa.

Barafu kiasi gani inatosha?

Kupoza kilo 100 za samaki kutoka nyuzijoto 26 hadi 0 kunahitaji kama kilo 28 za barafu. Hiyo ni kwa kupoza tu, kabla ya joto linalopenya pembeni mwa boksi. Kwa safari ndefu ya boti, wataalamu wa nchi za joto hushauri kilo moja kwa kilo moja. Samaki kwenye nyuzijoto 10 huharibika mara nne hivi ya kasi ya kwenye 0, kwa hivyo barafu nusunusu haikupi nusu ya faida. Inakupa kidogo sana.

Niwekeze kiasi gani katika kuhifadhi?

Modeli zinazotumika sana, kwa mfano ya Hsu, Wee na Teng ya mwaka 2010, huchukulia kwamba kila shilingi ya ziada hupunguza uharibifu kidogo kuliko iliyotangulia. Turubai, kichanja na chumvi ya Uvinza huja kabla ya mashine. Acha kuongeza pale shilingi ya mwisho inapookoa chini ya shilingi.

## Jinsi teknolojia inavyoenea mwaloni

Kama friza inalipa hivyo, mbona wengi hawana?

Kwanza, hailipi kwa wote. Mwenye ndoo moja kwa siku hafiki pale gharama inaporudi. Bei ya friza ikishuka, au wanawake watatu wakichangia moja, mstari huo unashuka na wengine wanaingia. Pili, kusubiri kuna thamani yake: anayesubiri anaona friza ya jirani inavyofanya kazi bila kulipia somo. Hilo si uoga wala ushamba, ingawa ripoti nyingi huliandika hivyo.

Modeli ya Bass inasemaje?

Frank Bass, mwaka 1969, aligawa wanaoanza kutumia kitu katika makundi mawili: wanaojiamulia wenyewe na wanaofuata waliotangulia. Wastani uliopatikana katika tafiti nyingi za masoko ni 0.03 kwa kundi la kwanza na 0.38 kwa la pili, kwa mwaka, hii ya pili ikizidishwa kwanza kwa sehemu ya waliokwisha kuingia. Kwa wachuuzi 100, mwaka wa kwanza wanaingia 3, wa pili 4, wa tatu 5, wa nne karibu 7, na kilele kinafika baada ya miaka sita hivi. Mradi unaopimwa baada ya miaka miwili utaonekana umeshindwa hata kama unakwenda vizuri.

Lakini namba hizo zimetoka zaidi kwenye masoko ya nchi tajiri. Mwaloni watu hukaa bega kwa bega na kila mtu anaona beseni la mwenzake, kwa hiyo kuigana kunaweza kuwa na nguvu zaidi, huku mtaji mdogo ukivuta nyuma. Pima hapa kwanza.

Barafu inaenea kama friza?

Hapana. Friza yako inafanya kazi hata ukiwa peke yako nayo. Muuza barafu haji kwa wateja watatu, na wateja hawaji kama hana uhakika wa kuja. Hapo kuna hali mbili zinazojishikilia: hakuna barafu kabisa, au barafu ipo na karibu kila mtu anaitumia. Katikati hapadumu. Ruzuku ndogo ya muda inaweza kuvusha mwalo mzima, na ruzuku hiyohiyo ikigawanywa sawa kwa mialo mitano isivushe hata mmoja. Pesa za simu nazo ziko upande huu: tangu M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, kila aliyejiunga aliwaongezea manufaa waliokwisha kujiunga.

Kila mtu akiwa na friza, faida yangu itabaki?

Sehemu yake itaondoka. Siku za mavuno mengi wote mtaweza kununua zaidi, kwa hiyo bei ya mwaloni haitaanguka kama zamani, na mvuvi atafaidi. Siku za uhaba wote mtatoa akiba, bei ya sokoni itashuka, na mlaji atafaidi. Wewe wa katikati tofauti yako inabanwa. Willard Cochrane alilieleza jambo hili kwa wakulima wa Marekani mwaka 1958: wanaotangulia huvuna, wanaochelewa hulazimika kufuata ili wasitoke.

Ushahidi wa karibu zaidi ni wa Robert Jensen, aliyefuatilia wavuvi wa dagaa wa baharini huko Kerala, India, simu za mkononi zilipoingia kati ya 1997 na 2001. Kabla yake, asilimia 5 hadi 8 ya samaki walitupwa kwa sababu boti zilitua kwenye soko lililojaa. Simu zilipofika, kutupa kulikoma, faida ya wavuvi ikapanda asilimia 8 hivi, na bei kwa mlaji ikashuka asilimia 4 hivi.

## Hali za pembeni

Ziwa likifungwa, hesabu hizi zinasimama?

Tanzania ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaliane. Kufungwa kunakojulikana mapema ni rahisi kuliko mbalamwezi: tarehe unaijua. Kanuni ya kuhifadhi ni ileile, ila muda ni miezi mitatu, na hapo tofauti ya asilimia 1 na 3 kwa wiki ni kubwa. Kwa wiki 13, kilo 100 zinabaki 88 au 67. Dagaa waliokauka nusunusu usiwaingize kwenye mpango huu.

Mimi ni mwanafunzi. Nikusanye data gani?

Kwa kila siku: bei ya mwaloni na ya sokoni, kiasi kilichonunuliwa, saa kilipoisha, waliokosa, kilichobaki na kilikwenda wapi kwa bei gani, mvua, hali ya mwezi. Kwa teknolojia, uliza nani alianza lini na alimwona nani akitumia kabla yake. Kuhesabu friza zilizopo leo hakutakuonyesha mwendo. Na waulize waliowahi kuwa nayo wakaiacha. Karibu kila hojaji huwasahau, na Bass hakuwawekea nafasi.

Naweza kufanya haya kwa simu?

Programu ya majedwali ya kwenye simu inatosha kwa maswali yote ya ndoo, shehena na Bass. Samaki wa umri wa siku nyingi ndio watakaohitaji kompyuta.